TAA YA CHUMA BILA WAYA WA ARDHI: TUSIKUBALI



Watu husema, Ajali haina kinga. Maneno hayo tumeyasikia tena juzi, tulipokwenda kumwona bwana mmoja, mwajiri wa wenzetu, kwa habari ya dada yetu aliyeumia kazini. Yule bwana aliyasema polepole kama mtu anayetoa pole, kisha akafunga faili. Sisi hatukukubali siku ile, na leo twataka kueleza katika gazeti letu hili kwa nini hatukubali. Ajali ile ilikuwa na kinga. Kinga yake ilikuwa waya mmoja wa rangi ya kijani, ambao fundi aliukata kwa koleo na kuuficha ndani ya taa.

HABARI YENYEWE

Dada huyu husafisha afisi katika jumba la zamani. Mwenye jumba alitaka lipendeze mbele ya wapangaji wapya, akanunua taa za chuma zinazong'aa, za kuning'inia darini, akaita fundi wa kibarua azifunge. Fundi alipofungua mahali pa taa alikuta nyaya mbili tu. Taa yenyewe ilikuja na nyaya tatu. Akamwambia mwenye jumba, "Bwana, hapa hapana waya wa ardhi." Akajibiwa, "Wewe funga tu. Si taa itawaka?" Akafunga. Na kweli taa iliwaka.

Iliwaka miezi mingi bila shida yo yote. Lakini mle ndani ya mkono wa taa, waya wa moto ulikuwa ukisuguliwa na ncha ya chuma, kidogo kidogo, mpaka ngozi yake ikatoboka na shaba ikagusa chuma. Tangu saa ile chuma chote cha taa kilikuwa na stima, wala hapana mtu aliyejua, maana taa iliendelea kuwaka vizuri kama siku zote. Asubuhi moja dada yetu alipanda juu ya meza na kitambaa kibichi apanguse vumbi. Mkono mmoja ulishika taa, na mkono wa pili ulishika bomba la maji la chuma lipitalo ukutani, apate kusimama imara. Stima ikapita katika mwili wake na kumtupa chini. Alivunjika mkono. Twashukuru kwamba yu hai.

Kabla mkono haujapona alipewa barua ya onyo. Barua hiyo yasema kosa ni lake, kwa sababu alitumia kitambaa chenye maji.

Ni kweli kwamba maji huongeza hatari, na hatumshauri mtu ye yote kupangusa taa kwa kitambaa kibichi, wala kuigusa kabla stima haijazimwa. Lakini kitambaa hakikupeleka stima kwenye chuma. Mtu mwenye mikono mikavu naye angeweza kupigwa, na fundi wa kubadilisha balbu angeweza kupigwa, na karani mrefu aliyeinua mkono wake kwa bahati mbaya angeweza kupigwa. Basi mwenye kosa si yule aliyekuwa wa kwanza kugusa. Mwenye kosa ni yule aliyeambiwa hatari iko, akasema funga tu.

WAYA WA ARDHI NI KITU GANI

Wengi wetu si mafundi wa stima, kwa hivyo yafaa tueleze kwa maneno rahisi. Stima ya majumbani kwetu Kenya ni ya volti 240. Huja kwa waya mmoja, ambao twauita wa moto, hupita katika balbu, kisha hurudi kwa waya wa pili. Nyaya hizo mbili zatosha kabisa kuwasha taa. Waya wa tatu, wa ardhi, haubebi kitu siku za kawaida. Upande mmoja umefungwa kwenye chuma cha taa, na upande wa pili umekwenda mpaka kwenye bodi ya fyuzi, na kutoka hapo mpaka ardhini.

Waya huu unangoja siku moja tu, siku ambayo waya wa moto utagusa chuma. Siku hiyo, ikiwa kazi ilifanywa sawasawa na kupimwa, stima nyingi hukimbia kwa njia hiyo ya ardhi kwa mara moja, fyuzi huungua au swichi ya bodi huruka, na taa huzimika. Mwenye nyumba hulalamika kwamba taa imekufa. Heri ife taa.

Pasipo waya wa ardhi, stima haina pa kwenda. Hukaa katika chuma cha taa ikingoja njia. Na njia hiyo huwa mtu aliyeshika taa kwa mkono mmoja, huku mguu wake au mkono wa pili umegusa sakafu ya saruji, bomba la maji, au fremu ya dirisha ya chuma.

Hapo ndipo ulipo udanganyifu wa jambo hili. Kazi mbaya ya bomba huvuja, na wewe waona maji. Kazi mbaya ya paa hunyesha kitandani, na wewe walowa. Lakini taa isiyo na waya wa ardhi huwaka sawa na taa yenye waya wa ardhi. Haina dalili. Ndiyo maana neno lile, "Si taa itawaka?", ni neno la hatari kuliko yote yanayosemwa katika kazi hii.

FYUZI HAIMLINDI MTU

Tumesikia wanachama wakisema, "Hata kama kuna hatari, fyuzi itakata." Hapana, ndugu. Fyuzi iliwekwa kulinda nyaya zisishike moto. Hebu tufanye hesabu. Fyuzi ya taa mara nyingi ni ya ampea 5. Balbu ya wati 60 hutumia robo ya ampea tu. Lakini stima inayozidi sehemu 30 za elfu moja za ampea, ikipita kifuani kwa muda, yaweza kuuvuruga moyo wa mtu hata ukasimama. Yaani stima iwashayo balbu moja ndogo ni zaidi ya mara 8 ya ile inayotosha kuua, na fyuzi ya ampea 5 itaruhusu zaidi ya mara 160. Mtu atakuwa amekwisha kufa, na fyuzi iko palepale, nzima.

Siku hizi iko swichi nyingine ya kuweka katika bodi, ambayo huhisi stima inayovuja kwenda ardhini. Ile ya kulinda watu hukata inapovuja stima ya sehemu hizo 30 za elfu, tena kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ni kitu chema sana, na twawashauri wote wenye uwezo, na wote wenye kuajiri watu, wakiweke. Lakini ni msaidizi wa waya wa ardhi, si badala yake. Taa yenye waya wa ardhi hukatwa mara tu inapoharibika, hata usiku pasipokuwa na mtu. Taa isiyo na waya huo, swichi ile haiwezi kujua neno mpaka mtu aiguse, na mtu huyo ndiye anayetumiwa kama kipimo.

Tena ziko nyumba nyingi ambazo ardhi yake ni fimbo ya shaba tu iliyopigwa katika udongo. Wakati wa kiangazi udongo ukikauka, huenda njia hiyo isipitishe stima ya kutosha kuunguza fyuzi. Nyumba ya namna hiyo yahitaji vyote viwili, waya wa ardhi na swichi ya kuvuja.

KWA NINI NYUMBA ZA ZAMANI HAZINA

Wengine hudhani fundi wa zamani alikuwa mvivu au mwizi wa waya. Si hivyo. Kazi ya stima katika Kenya ilifuata kanuni za Uingereza, na kanuni zile, mpaka toleo la 14 lilipotoka mwaka wa 1966, hazikulazimisha kila taa ya dari ipelekewe waya wa ardhi. Wala siku zile hapakuwa na ubaya mkubwa, maana taa nyingi zilikuwa kamba yenye nyaya mbili, kishikio cha balbu cha bakelaiti, na kipande cha mbao cha mviringo darini. Bakelaiti na mbao kavu havipitishi stima. Hapakuwa na chuma cha mtu kushika.

Kwa hivyo majumba ya kabla ya wakati ule, na hata mengine ya baadaye, nyumba za makazi, shule, maduka na afisi, yana nyaya mbili tu darini. Nyumba ile haikukosa neno maadamu ilibaki na taa ya namna yake. Hatari imeletwa na taa mpya ya chuma iliyotundikwa mahali palipotengenezwa kwa taa ya bakelaiti.

NJIA ZILIZO SAWA

Hatutaki mtu aseme kwamba chama kinakataza watu kuwa na taa nzuri. Ziko njia zilizo sawa, nazo ni hizi.

Njia ya kwanza, ambayo ni rahisi kuliko zote, ni kuchagua taa isiyohitaji waya wa ardhi. Itazame taa kabla ya kulipa. Ikiwa imepigwa alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, maana yake imefunikwa mara mbili kuzuia stima, na yaweza kufungwa mahali penye nyaya mbili. Kishikio cha plastiki na kamba yake, bila sehemu ya chuma ya kushikwa, nacho chafaa. Lakini ukiona ndani yake waya wa kijani na manjano, au skrubu yenye alama ya ardhi, taa hiyo yataka waya wa ardhi. Hapana mazungumzo tena. Kama dari lako halina, iache dukani.

Njia ya pili ni kuleta waya wa ardhi. Fundi apitishe waya mpya wa kijani na manjano kutoka bodi ya fyuzi mpaka kwenye taa, au, kama nyaya zenyewe ni za zamani, azibadilishe zote. Ni kazi ya gharama, lakini hufanywa mara moja. Ikiwa nyaya za dari zina ngozi ya mpira wa zamani, inayovunjika kama ganda la mkate mkavu unapoikunja, usitundike taa yo yote hapo, hata ya plastiki, mpaka nyaya zibadilishwe.

Katika majumba mengine nyaya hupita ndani ya mabomba ya chuma, na zamani bomba lenyewe ndilo lililotumika kuwa njia ya ardhi. Huenda njia hiyo bado ni nzima. Lakini huenda bomba limeshika kutu katika viungo vyake, au limekatwa na mtu aliyetengeneza ukuta. Kuliona kwa macho hakutoshi. Lipimwe kwa chombo, na fundi aandike alichokipata.

Na mahali ambapo taa hazina waya wa ardhi, pabandikwe karatasi juu ya bodi ya fyuzi yenye maneno haya: TAA ZA NYUMBA HII HAZINA WAYA WA ARDHI. USIFUNGE TAA WALA SWICHI YA CHUMA. Karatasi hiyo yaweza kumwokoa mtu atakayekuja miaka 10 baada yetu.

UJANJA TUSIOUTAKA

Upo ujanja unaotumiwa, na tunautaja hapa wazi ili kila mwanachama aujue akiuona.

Kwanza ni kuukata waya wa kijani na kuufunga tepu. Huo ndio uliomwangusha dada yetu.

Pili ni kuufunga waya wa ardhi wa taa pamoja na waya wa kurudisha stima. Wengine huuona huu kuwa ni ujuzi mkubwa. Ni ubaya mkubwa. Siku waya ule wa kurudisha utakapolegea au kukatika mahali fulani katika njia yake, stima itapita katika balbu na kuja moja kwa moja kwenye chuma cha taa. Hapo taa nzima itakuwa na stima bila kitu cho chote ndani yake kuharibika, na mtu atakayepanda kutazama kwa nini taa imezimika ndiye atakayeigusa.

Tatu ni kuufunga kwenye bomba la maji. Mabomba mengi siku hizi yana vipande vya plastiki katikati, kwa hivyo stima haifiki ardhini. Badala yake chuma kilichobaki hupata stima, na mama anayefungua mfereji jikoni hupigwa kwa sababu ya taa ya sebuleni.

Nne ni kupiga msumari ukutani na kuufunga waya hapo. Msumari katika ukuta si ardhi. Ni msumari tu.

KWA MAFUNDI WENZETU

Mafundi wa stima walio katika chama wanajua haya yote kuliko sisi. Hata hivyo twakumbusha machache, kwa sababu haraka ya kazi husahaulisha.

Zima swichi kubwa, ondoa fyuzi, itie mfukoni mwako, na uache barua kwenye bodi kwamba mtu yuko kazini. Usitegemee swichi ya ukutani. Ikiwa aliyefunga zamani alikata waya wa kurudisha badala ya waya wa moto, swichi itazima taa lakini stima itabaki darini. Pima kabla ya kugusa. Chombo cha kupimia kijaribu kwanza mahali penye stima, kisha pima nyaya za taa, kisha ukijaribu tena mahali penye stima, upate kujua hakikufa katikati ya kazi. Bisibisi yenye taa ndogo si ya kuaminiwa kwa jambo la uhai.

Usiamini rangi peke yake. Nyaya za zamani huwa nyekundu kwa moto na nyeusi kwa kurudisha, na mpya huwa kahawia kwa moto na bluu kwa kurudisha. Lakini waya mweusi au wa bluu utokao kwenye swichi kuja kwenye taa hubeba moto swichi ikifunguliwa, na fundi wa zamani huenda hakuutia alama. Aliyezifunga nyeusi zote pamoja atasikia mlio siku atakayowasha. Tia alama kila waya kabla ya kuuondoa mahali pake. Kwa kishikio cha balbu cha kuzungusha, waya wa moto uende katikati, si kwenye duara la nje. Uzito wa taa uchukuliwe na mbao ya dari au ndoano, usichukuliwe na nyaya. Na ngazi iwe ya mbao iliyo nzima, si ya chuma, wala si kiti juu ya meza.

Asiye fundi asijaribu kazi hii. Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali isimamiayo kawi, na mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona.

Sasa twaja kwenye jambo gumu. Mafundi wengi wametuambia, "Nikikataa, mwenye nyumba atamwita mwingine, na watoto wangu watalala njaa." Hatuwezi kulidharau neno hili. Fundi aliyefunga taa ile naye ni mfanya kazi kama sisi. Alisema kweli mara moja, akanyamazishwa kwa ujira wa siku. Hatukuja hapa kumhukumu peke yake na kumwacha aliyemwamuru.

Lakini hatukubali pia kwamba hapana la kufanya. Fundi akikataa peke yake ni kweli atafukuzwa. Mafundi wote wa mtaa mmoja wakikataa, mwenye nyumba atamfukuza nani? Atanunua taa nyingine, basi. Mishahara, saa za kazi na likizo tulivipata kwa njia hiyohiyo, kwa kutokubali kazi ambayo mwenzetu ameikataa kwa haki. Kwa hivyo twapendekeza neno moja liwe desturi ya mafundi wote wa chama: hapana taa ya chuma bila waya wa ardhi, na fundi aliyekataa asipokonywe kazi hiyo na mwenzake. Ajibu kwa adabu, amwonyeshe mwenye nyumba taa iliyo na alama ya miraba miwili, na amwandikie katika risiti kwamba amemwonya. Aliyeandikiwa hawezi kusema baadaye kwamba hakujua.

KWA WAAJIRI

Waajiri nao wasidhani jambo hili ni la hisani. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka wa 2007 yamtaka mwenye mahali pa kazi apaweke pawe salama, na mahali penye watu 20 au zaidi yataka kamati ya usalama na afya ambayo wafanya kazi wana wajumbe wao ndani yake. Sheria hiyohiyo yampa mfanya kazi wajibu wa kutoa habari akiona hatari kubwa, na yamkataza mwajiri kumrudisha mahali hapo hatari ikiwa ingalipo. Na sheria ya fidia ya wanaoumia kazini, nayo ya mwaka wa 2007, haisemi kwamba mtu akitumia kitambaa kibichi basi amepoteza haki yake.

Kwa hivyo kwa mwajiri wa dada yetu, ambaye atausoma ukurasa huu kwa maana karatasi zetu humfikia kila mara, twasema mambo matatu. Barua ya onyo iondolewe katika faili lake. Fidia yake ishughulikiwe kama sheria isemavyo, bila kumzungusha. Na taa zote za jumba lile zizimwe, zifunguliwe na kupimwa na fundi mwenye leseni, kabla mfanya kazi mwingine hajaambiwa apande juu ya meza. Kama jumba ni la mtu mwingine, mwajiri ndiye anayelipa kodi, naye ana sauti ya kumwambia mwenye jumba. Sisi hatuna mkataba na mwenye jumba. Tuna mkataba na yeye.

NA SISI WENYEWE

Kabla ya kumaliza, tujitazame nasi. Ni wangapi kati yetu wamenunua taa ya chuma ya kung'aa mwisho wa mwezi, wakamwita kijana wa jirani aitundike katika nyumba ya kupanga, pasipo mtu kuuliza neno la waya wa ardhi? Hatuwezi kudai kazini jambo tunalolipuuza nyumbani mwetu, juu ya vichwa vya watoto wetu. Twaomba kila mwanachama atazame taa zake juma hili kwa macho tu. Kama ni ya chuma na nyumba ni ya zamani, asiiguse. Azime swichi yake, amwite fundi wa kweli aifungue na kuipima. Ukisikia mtekenyo mdogo katika vidole unapogusa taa, usicheke wala usizoee. Huenda stima inakuonya, na huenda isikuonye mara ya pili.

Mwanachama mmoja alituuliza mkutanoni kwa nini tujisumbue na waya ambao kila siku haufanyi kazi. Tulimjibu kwamba ziko ada anazotoa kila mwezi, na miezi mingi haoni zikimfanyia kazi yo yote, mpaka siku atakapoitwa afisini aambiwe achukue vitu vyake aende. Siku hiyo hutafuta kadi yake ya chama. Na siku hiyo, kama hakuwa na kadi, ni kuchelewa.

Dada yetu hakuwa na waya wa ardhi juu ya kichwa chake. Lakini kadi alikuwa nayo. Tutamfuatia habari yake mpaka mwisho, na matokeo tutayaandika hapahapa.

Umoja ni nguvu.

KAMATI YA CHAMA